Sauti ni ileile, sasa tunabishania nini? Hotuba kuhusu FLAC, ALAC, WavPack na wenzao

Habari zenu wote, asanteni kwa kuja, naona kuna watu wamesimama huko nyuma, sogeeni tu mbele viti bado vipo. Nimeombwa niongelee fomati za kubana sauti bila kupoteza kitu, ipi ni bora na mtu aweke setingi gani kwenye enkoda, yaani programu inayobana, na najua nusu yenu mnasubiri nitaje jina moja muondoke zenu. Basi nalitaja sasa hivi: kwa watu wengi jibu ni FLAC. Ila sababu zake sio zile mnazozisikia kila siku watu wakibishana, na hizo sababu ndo zimenileta hapa.

Tuanzie kwenye CD manake ndo kipimo ambacho kila mtu anakijua. Sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44100 kila sekunde, kila sampuli biti 16, chaneli mbili, ukizidisha unapata kilobiti 1411 kwa sekunde, yaani dakika moja ya muziki inakula kama megabaiti 10.6 ikiwa haijabanwa. Sasa uchukue FLAC, ALAC, WavPack, Monkey's Audio, TAK, hata OptimFROG, ubane huo muziki halafu uufungue tena, unarudishiwa namba zilezile, sampuli kwa sampuli, haijakosewa hata biti moja. Kwa hiyo mtu akikwambia FLAC ina besi nzito kuliko ALAC, au kwamba FLAC ya levo 0 inasikika wazi zaidi kwa sababu haijabanwa sana, we mwitikie tu kwa adabu kisha uende ukaangalie playa yake. Mara nyingi utakuta moja imewashiwa rekebisho la sauti na nyingine haijawashiwa, au playa inabadilisha idadi ya sampuli kabla ya kupeleka kwenye spika, na tofauti ndogo tu ya ukubwa wa sauti sikio linaitafsiri kuwa ubora. Faili haihusiki hapo.

Na hapohapo niue kitu kingine ambacho kinasumbua sana watu. Unafungua folda unaona wimbo mmoja wa FLAC una kilobiti 650 kwa sekunde na mwingine una 1050, unaanza kusema huu wa 650 ni feki. Hapana bana. Kwenye MP3 bitireti, yaani hizo kilobiti kwa sekunde, unaichagua we mwenyewe kwa hiyo inakwambia kitu kuhusu ubora, ila kwenye fomati zisizopoteza bitireti ni matokeo tu, inakwambia muziki wenyewe ulikuwa mgumu kiasi gani kutabirika. Piano ya peke yake iliyorekodiwa kwa utulivu itatoka ndogo sana. Gitaa za makelele zilizopandishwa sauti mpaka zimegonga dari zitatoka kubwa, pengine zisipungue hata robo. Zote mbili ni kamili. Rekodi za zamani za mono zilizowekwa kwenye faili ya stereo zinachekesha zaidi, manake kushoto na kulia zikiwa sawasawa kabisa enkoda inagundua tofauti yao ni sifuri na faili inashuka karibu nusu ya vile ungetarajia.

Nimesema kutabirika, ngoja nikae kidogo hapa kwa sababu ukielewa hiki kitu setingi zote za enkoda zinakuja zenyewe. Watu wanauliza mbona nikiiweka WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kwenye ZIP haipungui sana? Kwa sababu ZIP inatafuta vipande vinavyojirudia vilevile, na sauti ya kweli karibu haijirudii kabisa, hata mpiga ngoma akipiga pigo lilelile mara mia kila moja lina namba zake. Enkoda ya sauti inafanya kazi tofauti, inaangalia sampuli zilizopita inakisia inayofuata, halafu inahifadhi kosa la kukisia tu. Tuseme sampuli zinakwenda 1200, 1260, 1315, 1368, 1418. Kanuni rahisi kabisa ni kusema mwendo utaendelea vilevile, yaani chukua ya mwisho mara mbili utoe ile ya kabla yake. Baada ya 1200 na 1260 tunakisia 1320, kumbe ni 1315, kosa ni -5. Tunaendelea, mara mbili ya 1315 toa 1260 ni 1370, kumbe ni 1368, kosa -2. Halafu tunakisia 1421, kumbe 1418, kosa -3. Sasa badala ya kuandika namba tatu za biti 16, jumla biti 48, tunaandika -5, -2 na -3.

Na hizo zinaandikwa vipi? Kwa mtindo wa Robert Rice, huyu alikuwa kwenye maabara ya JPL ya NASA na mtindo wenyewe ni wa miaka ya 1970, ulibuniwa kwa data za vyombo vya angani. Namba ndogo zinapewa biti chache, namba kubwa zinalipa zaidi. Kwa mfano wetu, ukiweka kigezo cha Rice kuwa 2, -5 inachukua biti 5, -2 inachukua 3 na -3 inachukua 4. Jumla 12. Kutoka 48 mpaka 12, na dikoda, yaani programu inayofungua faili, akiwa na sampuli mbili za mwanzo pamoja na kanuni anazirudisha zote bila wasiwasi. Hiyo ndo FLAC yote kwa kifupi, na Shorten ya Tony Robinson kule miaka ya 1990 ilikuwa tayari inafanya hivyohivyo, wengi waliokuja nyuma wamepita njia hiyohiyo wakiongeza ujanja wao.

Sasa ndo tuje kwenye setingi. FLAC ina levo 0 mpaka 8, na usipogusa kitu inatumia 5. Levo 0 inakisia kwa kanuni chache za kudumu kama hiyo niliyoonyesha, bloku zake, yaani vipande vya sauti inavyobana kimoja kimoja, ni ndogo, sampuli 1152, na kila chaneli inabanwa kivyake. Ukifika levo 5 bloku ni sampuli 4096, enkoda inakokotoa kanuni maalum kwa kila bloku ikitumia mpaka sampuli 8 za nyuma, na inajaribu pia kuhifadhi wastani wa kushoto na kulia pamoja na tofauti yao badala ya chaneli zenyewe kama zilivyo. Levo 8 inakwenda mpaka sampuli 12 za nyuma, na kabla ya kukokotoa inajaribu namna kadhaa za kuipima bloku halafu inachagua iliyotoa makosa madogo zaidi ya kukisia. Yaani levo ni jitihada ya kutafuta tu, mtu asikudanganye kwamba levo 8 inaikamua sauti zaidi mpaka ikaumia.

Je unapata nini ukitoka 5 kwenda 8? Kidogo, kidogo sana. Kwa muziki wa kawaida faili inapungua kama asilimia moja hivi, mara nyingi hata haifiki. Piga hesabu mwenyewe, albamu 1000 zenye megabaiti 300 kila moja ni gigabaiti 300, asilimia moja ni gigabaiti 3. Diski ya leo haitagundua hata kama umeokoa. Lakini mi bado natumia 8, na sababu yangu ni kwamba unabana mara moja tu, kompyuta za sasa zinamaliza albamu wakati unatafuta picha ya kava, na kufungua faili ya levo 8 hakumchoshi dikoda kuliko ya levo 0 kwa kiasi cha kukusumbua. Hicho kitu cha mwisho ndo utamu wa FLAC, kazi ngumu yote inabaki kwa enkoda, simu yako inayopiga muziki inafanya mahesabu machache tu. Na tangu toleo 1.5.0 la mwaka 2025 programu ya flac inaweza kugawa kazi kwa nyuzi nyingi za prosesa hata kwa faili moja, kwa hiyo kisingizio cha muda kimezidi kupungua.

Kuna wale wanaotaka kwenda mbali zaidi, wanaongeza setingi za -e au -p ili enkoda ajaribu njia nyingi zaidi, au wanaweka -l 32 pamoja na --lax ili enkoda itazame sampuli 32 za nyuma. Hizo -e na -p zinakula muda mara kadhaa na unachopata ni punje, siwakatazi ila mjue mnachofanya. Ile ya --lax mi nawaambia muiache kabisa. FLAC ina kitu kinaitwa sabuseti, ni mipaka ambayo playa za vifaa zinategemea, na kwa sauti ya mpaka 48 kHz mpaka ni sampuli 12 za nyuma. Ukivuka hapo faili bado ni FLAC halali, kwenye kompyuta itapiga, siku ukiichomeka kwenye redio ya gari ikakataa usianze kuilaumu redio.

Sasa wenzake. Monkey's Audio, hii ya faili za .ape, ya Matthew Ashland, ilikuwa maarufu sana miaka ya 2000 na bado inabana vizuri kuliko FLAC. Ina Fast, Normal, High, Extra High, na ya juu kabisa wameiita Insane, jina lenyewe linajieleza. Tatizo lake ni kwamba kichujio chake kinajifunza njiani, kila sampuli inayopita kinajirekebisha, kwa hiyo dikoda naye lazima apitie mafunzo yaleyale hatua kwa hatua ili akisie sawasawa. Ni kama mzigo uliofungwa kwa mafundo, umefunga saa nzima utafungua saa nzima. Ukibana kwa Insane ukaipeleka kwenye kifaa cha betri, unalipa kila mara unaposikiliza wimbo. OptimFROG ya Florin Ghido ni hivyohivyo tena zaidi, kwenye mashindano ya saizi huwa iko juu au karibu na juu kabisa, ila ni programu iliyofungwa msimbo wake na vifaa vinavyoipiga ni vya kutafuta kwa tochi.

TAK ndo inanisikitisha. Thomas Becker aliitoa mwaka 2007 na alifanya kitu ambacho wengi hawakukiweza, inabana karibu na Monkey's ya juu huku inafunguka kwa kasi inayokaribiana na FLAC. Kihandisi ni kazi safi sana. Lakini msimbo umefungwa na programu rasmi ni ya Windows, FFmpeg, programu ya bure ya kushughulikia sauti na video, inaweza kuifungua tu, kuitengeneza hapana. Ubora wa kubana peke yake haukutosha kuifanya ienee, na hapo ndo mnaona kwamba hili shindano halikuamuliwa na saizi.

ALAC ni ya Apple, ilitoka 2004, na mwaka 2011 wakafungua msimbo wake. Inabana nyuma kidogo ya FLAC kwa kawaida na haina levo za kukuumiza kichwa. Kama vifaa vyako vyote ni vya Apple na programu yao ya muziki ndo unayoitumia, tumia ALAC, usijitese, manake kubadilisha kutoka ALAC kwenda FLAC siku ukihama hakupotezi kitu. Onyo moja tu: faili za ALAC zinakaa ndani ya .m4a, na AAC ambayo inapoteza nayo inakaa ndani ya .m4a hiyohiyo. Jina la faili halikwambii chochote, fungua maelezo yake uone kodeki, yaani njia iliyotumika kubana.

WavPack ya David Bryant naipenda kwa sababu inafanya vitu ambavyo FLAC haifanyi. Ipo tangu 1998. Ina hali ya nusu kwa nusu, inakutolea faili mbili, .wv ndogo inayopoteza kidogo ambayo unaweza kubeba kwenye simu, na .wvc yenye yale yaliyobaki, zikikaa folda moja unapata sauti kamili. Alafu setingi zake zimetengwa vizuri, -h na -hh zinabana zaidi lakini dikoda naye anafanya kazi zaidi, ila -x kutoka 1 mpaka 6 inamtesa enkoda peke yake. Kwa hiyo ukiwa na subira ongeza x, ukiwa na kifaa dhaifu usiongeze h.

Na WavPack inashika namba za desimali za biti 32. Hapa wanaorekodi studio nisikilizeni vizuri. FLAC inahifadhi namba kamili tu, toleo 1.4.0 la 2022 lilileta biti 32 lakini bado ni namba kamili. Programu yako ya kuhariri ikiwa inatoa WAV ya desimali na ukaipitisha kwenye kigeuzi kuwa FLAC, kigeuzi kinaweza kukugeuzia kuwa biti 24 kimyakimya, hakuna onyo, na vilele vilivyokuwa vimepita juu ya kikomo vinakatwa palepale. Hapo umepoteza kitu ukiwa na faili yenye jina la kutopoteza. Kwa kusikiliza hiyo biti 24 ni tele, lakini kwa kazi ambayo bado utaihariri tumia WavPack.

Tukiwa kwenye biti 24, msishangae zikibanwa vibaya. Zile biti za chini kabisa kwenye rekodi nyingi ni mvumo wa maikrofoni na mitambo, na mvumo hautabiriki, kila biti ya mvumo inalipiwa nauli kamili. Wala hakuna enkoda itakayokuokoa hapo, Insane wala nani. Kinyume chake, mtu akichukua biti 16 akajazia sifuri nane chini ili auze kama biti 24, FLAC inaziona hizo sifuri inazitoa, na faili inarudi saizi ya biti 16. Mkiona faili ya biti 24 imekuwa nyembamba kupita kiasi, hapo pana maswali ya kumuuliza aliyekuuzia.

Kitu ambacho watu hawakiulizi kabisa na mi kwangu ndo cha kwanza: miaka kumi ijayo utajuaje kama faili yako bado ni nzima? FLAC kila fremu, yaani bloku iliyobanwa, ina namba yake ya ukaguzi, na mwanzoni mwa faili kuna MD5, namba ya kuitambulisha data, ya sauti yote kabla haijabanwa. Ukiandika flac -t ikifuatiwa na jina la faili, inafungua yote inalinganisha, inakwambia ok au inakwambia wapi pamevunjika. Na pakivunjika fremu moja unapoteza sampuli 4096, ambazo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, zinazofuata zinaendelea kupiga. WavPack nayo ina ukaguzi wa kila bloku na ukiongeza -m inaweka MD5. ALAC haina MD5 ya namna hiyo ndani yake, biti ikigeuka diskini pengine utaisikia, pengine hutaisikia. Asilimia mbili za saizi hazilingani na hicho kitu hata kidogo.

Mkitaka kupima wenyewe, pimeni vizuri basi. Usipime wimbo mmoja, chukua miziki ya aina mbalimbali, kimya na kelele, mono na stereo, manake fomati inayoshinda kwenye gitaa inaweza kushindwa kwenye kwaya. Toa picha za kava kwanza, nimeona mtu anabishana kuhusu megabaiti mbili ambazo zilikuwa kava tu, na flac yenyewe inaacha nafasi tupu ya baiti 8192 kwa ajili ya tagi, yaani maelezo ya wimbo. Pima muda wa kubana na muda wa kufungua, vyote viwili. Na usilinganishe MD5 ya faili nzima kati ya fomati mbili, lazima zitofautiane, linganisha ya sauti iliyofunguliwa, ffmpeg -i jina -f md5 - itakupa hiyo.

Haya, maswali. Dada hapo mbele anauliza kama akibadilisha MP3 zake kuwa FLAC zitapona. Hazitapona. Kilichokatwa kimekatwa, unapata faili kubwa inayohifadhi kwa uaminifu kabisa sauti iliyoharibika. Mtu akikupa FLAC ukawa na shaka, angalia spektogramu, yaani picha ya masafa ya sauti, MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida inakata sauti za juu karibu na 16 kHz kama ukuta, ingawa rekodi za zamani nazo zinaweza kukosa sauti za juu bila hatia yoyote, kwa hiyo usihukumu kwa picha peke yake.

Na kaka wa nyuma ana FLAC za zamani za levo tofautitofauti, anauliza kama ni salama kuzibana upya. Ni salama, FLAC kwenda FLAC haipotezi kitu, na tagi zinahama pamoja. Kwanza zipitishe kwenye flac -t zote, ambazo ni mbovu ziweke pembeni. Kisha angalia MD5 kwa amri ya metaflac --show-md5sum, ukikuta sifuri tupu ujue ilitengenezwa na programu iliyokuwa inamwaga data moja kwa moja na haikuweza kurudi mwanzo wa faili kuandika MD5, hizo ndo zinazostahili kubanwa upya kweli. Tumia flac -f -8 -V, hiyo V inafungua kila inachokibana palepale na kulinganisha na asili. Zilizobaki, kama zina MD5 na zimepita mtihani, mi ningeziacha zilivyo, ila kama una muda na umeme wako hakuna atakayekuzuia.